Wimbo Uliotoka Darasani

Daladala ya Mazimbu haina safari ndefu kutoka Morogoro mjini. Unashuka, unaingia kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo inayobeba jina la Solomon Mahlangu, unapishana na wanafunzi wenye mabegi mgongoni, na ukiuliza yalipo makaburi utaonyeshwa. Waliolala pale ni Waafrika Kusini waliofia ukimbizini. Walizikwa katika nchi ambayo wimbo wake wa Taifa waliujua tangu utotoni, kwa sababu ulikuwa wimbo wao kabla haujawa wetu.

Mimi niliupokea wimbo huo kama kila Mtanzania anavyoupokea: kwenye paredi ya asubuhi, mikono ubavuni, vumbi la mchakamchaka likiwa bado halijatua. Niliuimba miaka saba ya shule ya msingi bila mtu kuniambia kwamba ulitungwa na mwalimu wa shule, kijana wa miaka 24 aliyekuwa akiwatungia wanafunzi wake nyimbo za kuimba. Niliposoma habari hiyo ukubwani ilinikaa moyoni na haikutoka. Nikaamua kuufuata wimbo kinyumenyume, kama mtu anayepandisha mto kutafuta chemchemi, nione umepita katika mikono ya walimu gani hadi ukatufikia. Nilianzia Mazimbu kwa kuwa ndiyo karibu.

Juni 16, 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, nao wakapigwa risasi. Waliokimbia nchi baada ya hapo wengi walikuwa watoto wa shule ambao masomo yao yalikatikia njiani. Chama chao cha ukombozi, ANC, kilikuwa na jeshi, kilikuwa na ofisi, lakini hakikuwa na shule. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania ikakipa shamba la zamani la mkonge hapa Mazimbu, na aliyelishughulikia jambo hilo ni mkuu wa mkoa wa wakati huo, Anna Abdallah. Ujenzi ulianza mwaka uliofuata. Shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana mpigania uhuru aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979 akiwa na miaka 22. Ilikua hadi ikawa kama mji: chekechea, msingi, sekondari, hospitali, mashamba, karakana. Mwaka 1985 Oliver Tambo, rais wa ANC, alikuja kuifungua rasmi, na mwaka 1992 majengo yote yalikabidhiwa kwa Watanzania.

Kuhusu Tambo nataka kukaa kidogo. Wengi tunamjua kama mwanasiasa na mwanasheria, mshirika wa Mandela. Kabla ya yote hayo alikuwa mwalimu. Katika miaka ya 1940 alifundisha sayansi na hesabu katika shule ya St Peter's, Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, shule aliyokuwa amesoma yeye mwenyewe, na pamoja na hesabu zake aliongoza kwaya. Kazi hiyo ya pili hakuiacha maisha yake yote. Akiwa uhamishoni, mtu mwenye jeshi la kuliangalia na marais wa kuonana nao, bado alisimama mbele ya kwaya za vijana wake akaziongoza kwa mikono yake, akasikiliza sauti moja moja, akawarudisha mwanzo walipokosea.

Nimejiuliza kwa nini mtu wa namna ile ajisumbue na sauti ya pili ya kwaya ya vijana. Jibu ninalolipata ni la mtu aliyewahi kuimba kwaya. Vijana waliokimbia Afrika Kusini walisema Kizulu, Kixhosa, Kisotho, Kitswana, na kila mmoja alikuja na jeraha lake. Unaweza kuwahutubia watu kama hao juu ya umoja mpaka jua lizame. Lakini ukiwaweka kwenye kwaya ya sauti nne, wa besi analazimika kumsikiliza wa soprano, au atapotea. Wa alto ana mstari wake, haufanani na wa mwenzake, na akiuacha akakimbilia ule mtamu wa soprano, wimbo wote unayumba. Kila mtu anabaki na sauti yake, na bado hawezi kwenda peke yake. Sijui somo jingine la shule linalofundisha mambo hayo mawili kwa wakati mmoja, tena kwa kuyatenda badala ya kuyaeleza.

Kutoka Mazimbu, basi, njia inarudi St Peter's, na pale inakutana na mtu mwingine ambaye Watanzania wa kusini wanamkumbuka: Trevor Huddleston, padri wa Kianglikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndiye aliyekuwa msimamizi wa shule ile. Miongoni mwa wanafunzi alikuwepo mtundu mmoja wa miaka 14 aitwaye Hugh Masekela, ambaye kila siku alikuwa na kesi. Huddleston hakumwita kumchapa. Alimuuliza anataka nini hasa ili atulie. Mtoto alikuwa ametoka kutazama filamu juu ya mpiga tarumbeta, akasema akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Padri akanunua, kisha akamtafuta mwalimu kutoka bendi ya manispaa ya Johannesburg aje kumfundisha kushika midomo na pumzi.

Kilichofuata kila mwalimu wa shule ya bweni anaweza kukibashiri. Wavulana wengine waliposikia mlio ule nao wakaja kwa padri, huyu anataka tromboni, yule klarineti, yule ngoma. Hakuwafukuza. Likazaliwa kundi lililoitwa bendi ya jazi ya Huddleston, na kijana wa tromboni alikuwa Jonas Gwangwa. Padri alipoondolewa Afrika Kusini alipitia Marekani, akamsimulia Louis Armstrong habari za watoto wale, na mwaka 1956 Armstrong akawatumia tarumbeta yake mwenyewe. Ipo picha maarufu ya Masekela siku ilipofika, ameruka juu, tarumbeta mkononi, uso wote kicheko.

Shule yenyewe ilikuwa inakufa. Sheria ya Elimu ya Kibantu ya mwaka 1953 iliziweka shule za Waafrika mikononi mwa serikali ya ubaguzi, na waziri Hendrik Verwoerd alieleza wazi kusudi lake: Mwafrika asifundishwe mambo yatakayomfanya atazamie nafasi ambayo nchi haitampa. Wenye shule waliona heri wafunge kuliko kuitumikia sheria hiyo. St Peter's ikafungwa mwaka ule ule wa 1956.

Lakini tazama watu wake walikokwenda. Masekela alizunguka dunia na tarumbeta yake. Gwangwa, yule wa tromboni, katika miaka ya 1980 aliongoza Amandla, kundi la muziki na ngoma la vijana wa ANC uhamishoni, lililobeba habari za Afrika Kusini hadi kwenye majukwaa ya nchi za mbali. Wote wawili walifariki tarehe moja, Januari 23, Masekela mwaka 2018 na mwenzake 2021. Huddleston yeye alikuja kwetu. Kuanzia 1960 hadi 1968 alikuwa Askofu wa Masasi, akauona uhuru wetu ukija huku akitembelea waumini wake Wayao, Wamakua na Wamakonde. Desemba 9, 1961 Tanganyika ilipopata uhuru na wimbo ule ukaimbwa kama wimbo wa Taifa, askofu wa Masasi alikuwa miongoni mwa walioujua tangu ulipokuwa ukiimbwa na watu wasio na nchi.

Nyuma zaidi ya Rosettenville, njia inashuka pwani ya Natal hadi Ohlange, katika vilima vya Inanda karibu na Durban. Hapo John Dube alifungua shule mwaka 1901, Mwafrika mwenye shule yake mwenyewe, isiyo ya misheni wala ya serikali. Kwa kuwa haikuwa ya misheni wala ya serikali, haikuwa na fedha. Iliyoitafutia fedha ni kwaya.

Kijana aliyeiongoza kwaya hiyo aliitwa Reuben Caluza, mwanafunzi wa zamani wa Ohlange aliyerudi kufundisha. Likizo ikifika aliwachukua wanafunzi, wakapanda treni, wakaimba kwenye kumbi za miji na machimbo, na viingilio vikarudi kuiendesha shule. Caluza hakuwaimbisha tenzi peke yake. Ardhi ilipochukuliwa kwa sheria ya 1913, alitunga wimbo juu yake. Homa kuu ya 1918 ilipoua watu, alitunga wimbo juu yake pia. Watoto wa shule walikuwa wakiimba magazeti ya zama zao, kwa sauti nne zilizopangwa barabara. Na wimbo tunaoufuata sisi ulikuwa kwenye begi la kwaya hiyo. Ohlange ndiyo iliyousambaza Johannesburg na kwingineko, hadi watu ambao hawakujua mtunzi ni nani wakawa wanaujua kwa moyo.

Januari 8, 1912, chama kilichokuja kuitwa ANC kilipoanzishwa Bloemfontein na Dube akachaguliwa kuwa rais wa kwanza, uliimbwa baada ya sala ya kufunga mkutano. Mwaka 1923 katibu mkuu wa kwanza wa chama hicho, Sol Plaatje, aliurekodi London, Sylvia Colenso akimpigia piano. Mwaka 1925 ukawa wimbo rasmi wa chama. Na Mandela alipopiga kura kwa mara ya kwanza maishani mwake, Aprili 27, 1994, alikwenda kuipigia Ohlange, kwenye shule ile ile, kisha akasimama kwenye kaburi la Dube.

Tumefika chemchemini. Enoch Sontonga alizaliwa Uitenhage karibu mwaka 1873, akasomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti, Nancefield, karibu na Johannesburg. Johannesburg yenyewe ilikuwa changa kuliko mwalimu wake: dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1886 tu, na watu walimiminika huko kutoka kila kabila. Watoto waliokaa mbele ya mwalimu huyu walikuwa wa mji usio na wenyewe. Aliwatungia nyimbo, na alipenda pia kupiga picha. Mwaka 1897 alitunga ubeti mmoja na kiitikio, pamoja na sauti zake, akauita Nkosi Sikelel' iAfrika. Aliuandika daftarini, kama walimu wote waandikavyo, kwa herufi.

Herufi hizo ni jambo ambalo kila mwanakwaya wa Tanzania analijua, ingawa pengine hajui zilikotoka. Ni d, r, m, f, s, l, t zinazojaa kwenye daftari za kwaya kutoka Bukoba hadi Mbinga. Mwalimu Mwingereza, Sarah Glover wa Norwich, alibuni njia hiyo ili watoto waweze kuimba kwa kusoma. Katika miaka ya 1840 mchungaji John Curwen aliikamilisha na kuieneza kwa watoto wa shule za Jumapili ambao wasingeweza kununua hata kinanda kidogo. Siri yake ni kwamba do haikai mahali pamoja. Popote mwalimu anapoitoa, hapo ndipo nyumbani, na sauti nyingine zote zinajua umbali wao kutoka nyumbani. Hakuna chombo kinachohitajika. Inahitajika chaki, ubao na sikio la mwalimu. Wamisheni waliipeleka Afrika Kusini katikati ya karne ile, ikashika shule zote, na baadaye ikatufikia na sisi.

Sitaki kuwapamba wamisheni kupita walivyostahili. Herufi zile ziliingia mlango mmoja na amri ya kuacha ngoma. Mtoto aliyefundishwa kuimba alto shuleni aliambiwa pia kwamba alichokipiga bibi yake uwanjani ni ushenzi, na njia yenyewe ya kuandika haikuwa na mahali pa kuweka mapigo ya ngoma zetu. Wachache walijaribu vingine. Masasi hiyo hiyo, askofu wake wa kwanza Vincent Lucas alitafuta namna ya kulipa jando nafasi ndani ya kanisa badala ya kulifuta. Wengi hawakujaribu. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 ya kuwa Rais, alisikitika kwamba vijana waliosoma walijua rumba na chachacha, lakini ngoma za mangala, kiduo na lelemama hawakuwahi kuzisikia, na siku hiyo hiyo akatangaza wizara ya utamaduni. Alikuwa sahihi. Na Sontonga, naamini, alikuwa tayari upande wake: aliipokea chaki ya wageni, na kwa chaki hiyo akaliombea bara lake kwa lugha yake.

Hakuona lolote kati ya yaliyofuata. Alifariki Aprili 18, 1905, bado kijana. Walimu wengine walikuwa wakienda kuazima nyimbo zake kwa ajili ya kwaya zao, na azma yake ya kuzichapisha kitabu haikutimia. Ubeti wake mmoja uliongezewa beti saba na mshairi S. E. K. Mqhayi. Kaburi lake lilipotea. Lilitafutwa kwa miaka katika makaburi ya Braamfontein, na kumbe daftari la mazishi lilikuwa limemwandika kwa jina la Enoch tu, bila Sontonga. Septemba 24, 1996 Mandela alizindua mnara pale. Sauti alizoziandika kwa ajili ya darasa zikawa wimbo wa Taifa wa Tanzania, wa Zambia kwa maneno tofauti, wa Zimbabwe kwa miaka yake ya kwanza, na sehemu ya wimbo wa Afrika Kusini yenyewe.

Nikirudi kwenye paredi zetu, kuna jambo linaniuma. Wimbo huu uliandikwa kwa sauti nne. Sisi shuleni tunauimba kwa sauti moja, ile ya juu, na mara nyingi kwa kupiga kelele. Tumerithi robo. Zile sauti tatu nyingine zimehamia makanisani na kwenye bendi za majeshi, na mtoto asiyekwenda huko anaweza kumaliza darasa la saba, na kidato cha nne, bila kushika mstari wa pili hata siku moja.

Kwaya ya shule tunayo, lakini tumeifanya kwaya ya mgeni rasmi. Diwani anakuja, au mkuu wa wilaya: watoto wanatolewa darasani wiki mbili, wanafundishwa wimbo wenye jina la mgeni ndani yake, wanavaa sare, wanaimba baada ya risala na ngonjera, wanapigiwa makofi, basi hadi mgeni mwingine. Walimu nawaelewa, nao wanaagizwa. Lakini kuimba pamoja ni kazi ya miezi. Tarumbeta ya Masekela ilihitaji mwalimu aliyerudi wiki kwa wiki. Mtaala mpya wa mwaka 2023 umelipa somo la Sanaa na Michezo nafasi katika shule ya msingi, na hilo nimelifurahia kwa dhati. Kilichobaki ni mtu wa kusimama mbele ya ubao. Wapo wengi zaidi ya tunavyodhani: waongoza kwaya, wapiga ngoma, wazee wa beni waliostaafu. Halmashauri inayoweza kumlipa kocha wa mpira kwa ajili ya mashindano ya UMISSETA inaweza kumlipa na mmoja wa hao.

Niliwahi kumpata mtu wa namna hiyo, darasa la tano. Alikuwa mwalimu wetu wa hesabu. Alasiri moja ya mvua, bati likipiga kelele mno kwa somo lolote, alitugawa darasa katikati, upande wa dirishani akaupa sauti moja, sisi wa ukutani nyingine. Tulipoziunganisha nilisikia kitu kinachotetemeka katikati ya chumba ambacho hakikuwa chetu wala cha wa dirishani. Nilinyamaza nikisikilize, na mara kikatoweka, kwa sababu nilikuwa nimenyamaza.

Siku niliyotoka makaburini Mazimbu nilipita shule moja ya msingi iliyo njiani kurudi mjini. Masomo yalikuwa yamekwisha. Kwenye darasa la mwisho mwalimu kijana alikuwa na watoto kama ishirini, na ubaoni, chini ya mafumbo ya sehemu na desimali ambayo hayajafutwa, alikuwa ameandika mistari miwili ya herufi, mmoja juu ya mwingine. Nilisimama dirishani. Mstari wa juu walikuwa wameushika. Wa chini ulikwenda vizuri hadi katikati, kisha msichana mmoja akavutwa na ule wa juu, akamvuta jirani yake, na sauti ya pili ikafa.

Mwalimu akashusha mkono. Akaitoa do upya, kwa kinywa chake, taratibu, hadi wote wakaipata.

"Wa chini peke yenu," akasema. "Tena."